Robo ya Wimbi

Wimbi la mita arobaini, robo yake mita kumi.
Korona ya marehemu baba, bampa kwa bampa,
haifiki hata tano.
Hesabu yangu ilianza na deni.

Fundi Kugonza, nyuma ya soko la Mpanga,
alinipangia antena juu ya gunia kama muuza samaki:
hii fupi ya sumaku, hii ya kati yenye koili,
na huu mwanzi wa chuma, mrefu,
unaoinama usivunjike,
ila askari wa kizuizini watakuhoji mpaka jioni.
"Chagua, Abwooli. Gari lako, masikio yako."

Nikaanza na sumaku, maana sumaku haijeruhi.
Niliibandika juu ya paa nikajiona mjanja.
Wiki mbili.
Kisha pale Sebitoli, nyani wametulia kando ya lami,
tuta nisiloliona likanirusha,
antena ikaanguka, ikaburutwa na waya wake
kama mbuzi aliyekataa kwenda sokoni.
Nyani walicheka. Au nilicheka mimi, sikumbuki.
Juu ya paa, pale sumaku ilipokaa,
vumbi la marramu lilikuwa limesaga rangi,
duara kamili, ukubwa wa kisahani.
Kumbe nayo hujeruhi, ila polepole.

Koili, basi.
Koili ni uongo wenye adabu:
waya mrefu umejikunja ukakubali kuitwa mfupi.
Lakini ufupi hulipiwa.
Wati mia naingiza, kumi zatoka kwa shida,
nyingine zinabaki kupasha shaba moto
usiochemsha hata chai.

Na mlima uko palepale.
Ruwenzori hautoi njia ya mkato.
Ukitaka kusema na Bundibugyo, hapo tu nyuma ya mgongo wake,
sauti sharti ipande juu kwanza,
igonge dari tusiloliona,
ishuke upande wa pili kama mvua.
Kwa hiyo mwanzi, na koili chini yake.
Ukiegesha, uinamishe kwa kamba, utazame mbingu kwa ubavu.

"Bampa ni mbali na bati," Kugonza akasema.
"Antena hutaka ardhi, na ardhi ya gari ni paa.
Toboa."

Paa la baba!
Kila Jumamosi alipanda juu ya kreti ya soda,
maana alikuwa mfupi, akalisugua mpaka katikati.
Hakuwahi kuruhusu hata godoro lipite juu yake.

Nikamwuliza mama.
"Tundu kubwa kiasi gani?"
Nikamwonyesha kidole gumba.
"Mvua itaingia?"
"Kuna mpira, mama."
Akapepeta mtama wake, ungo mzima, ndipo akajibu:
"Toboa upande wako. Si upande wangu."

Drili ikalia. Vinyweleo vya chuma vikamwagika kitini.
Nikainama kupuliza ukingo wa tundu,
nikaona, chini ya weupe, bluu.
Bluu nzito, ya sare za shule.
Miaka kumi na tisa nimepanda gari jeupe
lililokuwa na rangi yake nyingine,
na aliyelinunua hakutaja.

Jioni ile niliegesha Kichwamba, nikafunga kamba,
nikazungusha, nikapima, nikakata sentimita mbili,
nikajuta, nikapima tena:
moja nukta tatu.
Nikaita. Mvumo tu, kama mafuta yanayokaanga.
Nikaita.
Ikaja sauti ya mtu aitwaye Masereka,
nyembamba, ikisukumwa na upepo wake yenyewe,
akarudia jina langu la hewani
na herufi ya mwisho akaikosea.

Kwetu mtu hukuuliza mpaako wako kabla ya kukusalimu.
Huyu alinibatiza bila kuuliza.
Nilimwacha aniite hivyo mara mbili
kabla sijamsahihisha.

Leo mvua, tangu alfajiri.
Tone moja, kisha lingine, kwenye goti langu.
Upande wa mama, pakavu.